Mgeni Wangu Amelala

Mashuka ya kisiwani yalivuka ziwa kila asubuhi kwa boti, yamefungwa kwenye mifuko mikubwa ya turubai, na Mama Pasi aliyasoma kama wengine wanavyosoma magazeti. Huyu kalala fofofo. Huyu kagaragara mpaka shuka limekuwa kamba. Na huyu wa nyumba ya pili, wanja umechuruzika kwenye foronya, mtoto wa watu amelia usiku kucha, na mapesa yote yale! Aliwajua wageni wa kisiwa kile kwa madoa na mikunjo yao, ingawa asingemtambua hata mmoja akipishana naye barabarani.

Kisiwa chenyewe hakuwahi kukikanyaga. Alikiona tu kwenye dirisha la chumba cha pasi, donge la kijani katikati ya maji, bila bati linalong'aa, bila moshi, bila mtu. Ungedhani hakuna kitu pale. Kumbe huo ndio ufundi wenyewe: mwenye kisiwa alizificha nyumba zake ndani ya miti hivi kwamba hata ndege walijenga viota kwenye mapaa bila kujua wamepanga kwa tajiri.

Jina la Mama Pasi alipewa kazini, likamganda hadi nyumbani. Taulo na sare za wafanyakazi zilipitishwa kwenye mashine, lakini mashuka ya wageni yalikuwa na amri yake: yapigwe pasi kwa mkono, yangali na unyevu kidogo, na mkono wenyewe uwe wa Mama Pasi. Alisimama mbele ya meza yake ya pasi tangu kitinda mimba wake akinyonya. Sasa kitinda mimba huyo alikuwa binti mzima mwenye cheti cha hoteli, na Mama Pasi alikuwa angali amesimama palepale.

Meza ya pili ilikuwa ya mwanamke waliyemwita Redio, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Kila siku Redio aliifungua kesi ileile.

"Usiku mmoja!" alisema, huku pasi yake ikipuliza mvuke. "Usiku mmoja pale, mshahara wangu na wako tuuweke pamoja kuanzia leo mpaka wajukuu waote ndevu, haufiki! Kwani kuna nini pale? Mtu akilala anafumba macho. Ukishafumba macho, wewe na mimi tofauti iko wapi?"

"Watakuwa wanapata kitu," Mama Pasi alijibu. "Tajiri si mjinga, Redio. Tajiri ukimpunja kifungo kimoja cha shati anajua."

"Haya, niambie ni kitu gani."

Kwa kweli Mama Pasi hakujua. Alijua tu kwamba shuka lilitoka mikononi mwake likiwa laini kama ngozi ya mtoto, likavuka maji, na watu wakatoka pembe zote za dunia kuja kulilalia. Yeye mwenyewe nyumbani alilalia shuka la mtumba lenye maua yaliyofifia, na halijawahi kuguswa na pasi. Ukikaa na pasi mchana kutwa, jioni hutaki hata kuiona.

Mwaka ule kisiwa kilifungwa kwa matengenezo. Nyumba zilibomolewa zikajengwa upya, na kabla wageni wa kulipa hawajafika, msimamizi wa wahudumu akatangaza mazoezi. Msimamizi huyu alikuwa mama mmoja mkavu, mwembamba, asiyevua glavu nyeupe, kazi yake kupitisha kidole juu ya makabati akitafuta vumbi. Kila mtu alimwita Mama Glavu, ila si mbele yake. Alikuja ng'ambo na boti ya mchana, akasimama katikati ya chumba cha pasi, akasema kwamba wafanyakazi wa dobi, wa bustani na wa gereji ya boti watachaguliwa kwa kura, waende kisiwani kulala usiku mmoja kama wageni. Wahudumu wapya watapimwa kwa kuwahudumia.

"Na mnisikilize vizuri," akasema. "Ukiwa mgeni, wewe ni mgeni. Usiokote, usifute, usikunje. Ukimsaidia mhudumu wako umemwangusha."

Vikaratasi vikapitishwa ndani ya kofia. Redio akapata patupu, akalaani ukoo mzima wa aliyebuni kura. Mama Pasi akafungua chake: nyumba ya mwisho, ile ya nchani kabisa mwa kisiwa, ambayo bei yake hata Redio aliitaja kwa kunong'ona. Na mhudumu wa nyumba ya mwisho alikuwa nani? Kitinda, binti yake.

"Abadilishiwe!" Redio akadakia. "Mtu na mama yake watachekeana tu pale."

"Habadilishiwi mtu," Mama Glavu akasema. "Mgeni anayekujua ndiye mgumu kuliko wote. Nataka nione."

Jioni ile, chumbani mwao, Kitinda alikaa kwenye ukingo wa kitanda akipaka viatu rangi. Kilikuwa kitanda kimoja, cha wote wawili. Dada zake wakubwa walishaolewa mbali, baba yao alifariki yeye angali mdogo, na tangu hapo Kitinda alilala upande wa ukutani na mama yake upande wa mlangoni.

"Nikipita, mama, ni ajira ya kudumu," alisema bila kuinua kichwa. "Ila nitakaa kulekule msimu mzima. Wahudumu hawavuki."

"Msimu mzima ni mpaka lini?"

"Mpaka mvua kubwa. Halafu likizo kidogo, halafu msimu mwingine."

"Na usipopita?"

"Meza ya tatu ya pasi iko wazi. Mama Glavu amesema nisihofu, sitakosa kazi."

"Vizuri," Mama Pasi akasema, akajifanya anatafuta kifuniko cha sufuria. Meza ya tatu ilikuwa ubavuni mwa meza yake. Miaka yote alikuwa amekula jasho ili huyu mtoto asije akasimama pale na miguu ikamvimba kama yake. Lakini usiku ule, alipomsikia akipumua upande wa ukutani, wazo la meza ya tatu lilimjia mara mbili tatu, na kila mara lilikuwa tamu kuliko alivyopenda.

Kesho yake boti ikawavusha. Mama Pasi alivaa gauni lake la harusi za watu, na mkoba ameukumbatia kifuani. Gatini alisimama msichana mrefu mwenye sare ya rangi ya mchanga, mikono nyuma, uso mtulivu, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yule yule aliyempigia kelele asubuhi kuhusu soksi kabla ya kutangulia na boti ya kwanza.

"Karibu sana, mama," Kitinda akasema, kwa sauti ambayo Mama Pasi hakuwahi kuisikia. "Nitaubeba mkoba wako."

"Mwepesi tu, niache…"

"Nitaubeba, mama."

Akauachia. Wakapita njia ya mbao iliyojipinda kati ya miti, na njia nzima hawakukutana na mtu, ingawa Mama Pasi alijua kwa hakika kwamba kisiwa kimejaa watu wa kazi kutoka jikoni mpaka bustanini. Walikuwa wapi? Kitinda akamnong'oneza kwamba kuna njia nyingine chini, ya wafanyakazi, ili mgeni aone miti tu. Mama Pasi akashika mdomo. Yaani mtu amelipa ili asione jasho la mwenzake, na mwenzake amechimbiwa handaki!

Ndipo wakafika.

Kwanza hakuona nyumba. Aliona ukuta wa mawe umefunikwa na majani, Kitinda akausukuma kwa kidole, na ukuta ukafunguka taratibu kama pazia. Ndani palikuwa na ukumbi ambao upande wake wa pili haukuwa na kitu, ziwa tu, limeingia mpaka miguuni. Mama Pasi alirudi nyuma hatua moja akidhani ataanguka. Sakafu ilikuwa ya kioo mahali fulani katikati, na chini yake samaki walipita bila haraka, wakakata kona, wakarudi. Beseni la kuogea lilichongwa kutoka jiwe moja, kubwa kiasi kwamba ungeweza kumwogesha ng'ombe na ndama wake, na maji yalipanda kutoka chini bila bomba kuonekana. Hakukuwa na nyaya. Hakukuwa na swichi. Ulipoingia chumbani mwanga ulikuja wenyewe, mdogo mdogo, na ulipotoka ukaondoka.

Lakini kilichomtoa machozi, hasa, ni ukimya. Mama Pasi alikuwa ameishi kati ya mashine zinazonguruma, majirani wanaogombana na bomba la uani linalodondoka, hata akasahau kwamba dunia inaweza kunyamaza. Pale ilinyamaza. Alisikia damu yake mwenyewe masikioni. Akasimama katikati ya ukumbi, mikono ikining'inia tu, akasema, "Mungu wangu," kisha akasema tena, "Mungu wangu," na hakupata neno la tatu.

"Pumzika, mama," Kitinda akasema. "Ukihitaji chochote nipo." Akatoka kimya, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Sasa, mtu wa kawaida angepumzika. Mama Pasi aliketi kitandani, akainuka, akaona amekibonyeza, akakinyoosha. Alinawa mikono, akaona matone kwenye jiwe, akayafuta. Alikunywa maji ya matunda, akaosha bilauri, akaikausha na kuirudisha pale pale, mdomo ukiangalia chini. Alioga, na alipotoka taulo lilikuwa limelowa mikononi mwake, zuri, zito, taulo alilolijua tangu likiwa jipya kwenye mfuko. Mikono ikafanya yenyewe: mara tatu kwa urefu, mara mbili kwa upana, pindo ndani. Akaliweka ukingoni mwa beseni, akajisikia nafuu kidogo.

Hapo ndipo Mama Glavu alipoingia kukagua, Kitinda nyuma yake. Alimsalimu Mama Pasi kwa heshima zote, akapitisha kidole juu ya kabati, chini ya meza, nyuma ya kioo. Akafika bafuni.

"Hili taulo ni bichi," alisema.

Akaliinua kwa vidole viwili.

"Mgeni aliyelipa hakunji taulo bichi. Hulitupa sakafuni. Na kunjo hili pindo ndani, mimi nalijua linatoka chumba gani." Akamgeukia Kitinda. "Bilauri imeoshwa. Jiwe limefutwa. Wewe umefanya kazi gani humu leo?"

"Nimekosea, mama," Kitinda akasema. "Nilichelewa kuja."

"Ukichelewa tena utavuka na boti ya kesho, na hutarudi." Akamwinamia Mama Pasi kwa adabu, akaondoka na glavu zake.

Mama Pasi alibaki amesimama kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni. Kitinda aliufunga mlango, akauegemea, na yule msichana mtulivu wa gatini akayeyuka, akabaki binti yake mwenyewe, macho yamejaa machozi.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Mwanangu, mikono tu hii. Imezoea."

"Umeambiwa usikunje. Ukaambiwa ukinisaidia unaniangusha. Umesikia kwa masikio yako." Akauacha mlango, akamsogelea. "Au hutaki nipite?"

Mama Pasi alifungua mdomo akane. Alitaka kuapa. Lakini ile meza ya tatu ikaja ikasimama mbele yake wazi wazi, na ule upande wa ukutani wa kitanda, na chai ya asubuhi katika vikombe viwili. Kwamba ni mikono ilikuwa kweli. Kwamba ni mikono peke yake, hilo hakuweza kuliapia.

"Sijui," alisema mwishowe. "Nyumba itakuwa kubwa, Kitinda."

"Nyumba ni chumba kimoja, mama."

"Ndiyo hicho."

Kitinda akafuta uso kwa kiganja, akavuta sare yake chini, akapumua. "Basi nihukumu kwa kazi yangu," alisema. "Ikiwa mbaya, niangushe. Lakini usinifanyie. Kaa. Niache mimi nikuonyeshe ninachojua."

Mama Pasi akakaa. Na mikono yake, kwa kuwa hakuiamini tena, aliikalia.

Siwezi kukueleza ilivyomwia vigumu. Kubeba maji kwa kichwa ni rahisi kuliko kukaa ukiletewa. Jua lilipoanza kushuka, Kitinda aliingia na beseni dogo la maji ya moto, akapiga magoti, akamvua viatu bila kuuliza, akaizamisha miguu ile iliyovimba. Mama Pasi aliruka kidogo, akajikaza kisabuni. Binti aliikanda taratibu. Alijua kidole kipi kinauma. Alijua kwamba mguu wa kushoto ndio unaobeba uzito, kwa sababu pasi ni ya mkono wa kulia. Haya yote aliyajua lini? Mama Pasi alidhani miaka yote yeye ndiye aliyekuwa anamtazama mtoto.

Chakula kilikuja: samaki wa kuoka, kipande cha katikati, kinene, kimetolewa miiba.

"Mkia uko wapi?" Mama Pasi akauliza.

"Jikoni."

"Mimi napenda mkia."

"Hupendi mkia, mama," Kitinda akasema, akimmiminia maji. "Ulikuwa unatuachia sisi mnofu. Leo utakula huu."

Alikula. Alimaliza. Hakuomba hata kuondoa sahani, ingawa vidole vilimwasha. Na kadiri giza lilivyoingia juu ya ziwa, ndivyo alivyozidi kushangaa, na sasa hakushangaa kioo wala jiwe. Mtu yule aliingia kabla hujamwita na kutoka kabla hujamchoka. Shali ilifika mabegani kabla baridi haijatambulika. Mama Pasi alimwangalia kama unavyomwangalia fundi hodari wa kazi usiyoijua, ukajisikia mdogo na mwenye fahari kwa pamoja. Huyu nimemzaa mimi? Huyu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu?

Mwisho akapanda kitandani. Aliinua shuka na kulitambua hata kabla ya kuligusa: lilikuwa lake, mistari mitatu ya mkunjo, kazi ya wiki iliyopita. Maisha yake yote aliyashika mashuka haya yakiwa ya moto, juu ya meza, kwa viganja. Hakuwahi kuyasikia kwa mgongo. Aliingiza miguu, akateremka taratibu, na shuka likampokea, baridi, laini, kimya, na Mama Pasi akacheka peke yake kwa sauti.

"Kumbe ni hivi!" alisema. "Kumbe nilikuwa nawafanyia hivi!"

Kitinda alikuwa mlangoni. "Nikuamshe saa ngapi, mama?"

"Aah, mimi huwa naamka mwenyewe. Unanijua."

"Nakujua," Kitinda akasema, na mwanga ukazimika kidogo kidogo.

Alipofungua macho chumba kilikuwa giza, akadhani kama kawaida kwamba bado ni alfajiri, kwamba awashe jiko, apashe maji, amwamshe mtoto. Akakaa. Kisha akasikia sauti za chini nje ya mlango, na moja ilikuwa ya Mama Glavu.

"Kifungua kinywa kilipangwa muda mrefu uliopita. Gonga."

"Hapana, mama." Hiyo ilikuwa ya Kitinda. "Mgeni wangu amelala."

"Unajua aliyesimama nyuma yangu ni nani?"

"Najua. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," ikajibu sauti ya kizee, ya mwanamume.

"Mwenye kisiwa amekuja kuzungumza na wageni, nyumba moja hadi nyingine," Mama Glavu akanong'ona kwa ukali. "Wote wako tayari. Ni huyu tu. Nakuambia gonga, au boti hiyo hapo."

"Nitapanda boti," Kitinda akasema. "Lakini sigongi. Mimi nimelala na huyu mgeni kitanda kimoja tangu nikiwa mdogo. Nikilala yuko macho, nikiamka yuko macho. Sijawahi kumwona amelala, mama. Hata siku moja. Leo alfajiri nimechungulia nikamwona, nikadhani amekufa. Nikasimama nikasikiliza mpaka nikasikia anakoroma. Basi mpaka aamke mwenyewe, hapa hapiti mtu."

Ndani, Mama Pasi alikuwa ameshikilia shuka kwa mikono yote miwili. Machozi yalimtoka bila ruhusa, yakadondoka kwenye kitani, na kwa mara ya kwanza hakufikiria kama doa litatoka. Wale wageni, aliwaza, hiki ndicho wanachofuata huku. Si kioo, si samaki. Wanataka mahali pa kufumba macho, na mtu mmoja mlangoni anayekataa waguswe. Wanavuka dunia nzima kukitafuta kitu hicho, na wengine, kama yule wa wanja, wanalipa na bado hawakipati. Yeye alikipata bure, kutoka kwa mtu aliyemzaa. Na mtu huyo ndiye aliyetakiwa kumwacha hapa.

Alijifunika shali, akafungua mlango. Jua lilikuwa limeshapanda juu; kumbe giza la chumbani lilikuwa la mapazia tu. Mama Glavu alisimama wima kama mlingoti, na pembeni yake mzee mwembamba, viatu amevishika mkononi ili visipige kelele juu ya mbao. Huyo ndiye alikuwa tajiri mwenyewe. Ukikutana naye sokoni ungemwongezea nyanya.

"Tumekuamsha, mama?" mzee akauliza.

"Hamkuniamsha. Mlikatazwa."

Mzee akatabasamu, akamtazama Kitinda, akamrudia yeye. "Nina swali moja ninalowauliza wote, na naomba usinipake mafuta. Hii nyumba, usiku mmoja ndani yake, inafaa bei yake?"

Mama Pasi alimtazama binti yake. Kitinda alikuwa ameangalia chini, mikono nyuma, na vidole vilikuwa vinajipinda kama alivyokuwa akifanya shuleni akisubiri matokeo. Neno moja tu, Mama Pasi aliwaza. Nikisema nilitaka kuamshwa, nikisema nilichelewa kwa sababu yake, jioni tuko nyumbani wawili.

"Bei yako wewe siijui vizuri, mzee," alisema. "Naisikia tu, na nikiisikia kichwa kinaniuma. Lakini mimi bei yangu ya hapa ni huyu mtoto. Mkimchukua, nyumbani nabaki peke yangu. Hakuna mgeni atakayekulipa zaidi ya hapo." Akapiga moyo konde. "Na nimelala. Sijawahi kulala hivi tangu niwe mama wa mtu. Inafaa. Mchukueni."

Mama Glavu aligeuka akatazama ziwa. Alipogeuka tena, macho yalikuwa mekundu na sauti kavu kama siku zote. "Sare yake ya pili ije na boti ya kesho," alisema. Mhudumu wa majaribio hupewa sare moja. Ya pili ni ya walioajiriwa, na kila mtu kisiwani analijua hilo.

Mchana Kitinda alimsindikiza gatini, akiwa amebeba mkoba. Mhudumu haruhusiwi kumpa mgeni kisogo mpaka boti ipotee, kwa hiyo alibaki amesimama pale na kiganja kifuani, akipungua, akipungua, na Mama Pasi naye hakugeuza shingo mpaka ikamuuma.

Kesho yake aliamka alfajiri kama kawaida. Akakaa kitandani, miguu chini, akaanza kunyoosha mkono upande wa ukutani amwamshe mtoto. Mkono ukakuta shuka baridi. Bomba la uani lilikuwa linadondoka, majirani walikuwa wameshaanza. Hakukuwa na mtu wa kumpashia maji, wala wa kumtafutia soksi. Akalia kidogo, kilio cha kweli, kisha akarudisha miguu kitandani, akasogea upande wa ukutani, akafumba macho.

Alipoingia chumba cha pasi mashine zilikuwa zinanguruma zamani, na Redio nusura adondoshe pasi.

"Wewe! Umechelewa? Wewe? Umepatwa na nini?"

"Nimelala," Mama Pasi akasema. Akavuta kutoka kwenye rundo sare mpya ya rangi ya mchanga, akaitandaza mezani, akaanza na kola.